Volkswagen za Zamani: Injini Ipanuliwe Mpaka Wapi?

Katika kila gereji ambamo bado inaingia ile Volkswagen yenye mgongo wa kobe, liko swali moja ambalo halikosi kuzuka pindi injini inapofumuliwa na kuwekwa mezani. Mwenye gari huuliza: madhali injini imekwisha kufunguliwa, ya nini kuirudisha katika ukubwa wake wa kale? Kwa nini isipanuliwe ikapata nguvu zaidi? Fundi naye, aghalabu, haoni sababu ya kumkatalia mteja wake. Vifaa huagizwa kutoka nje na hufika. Yanayobakia ni mazungumzo ya tarakimu: 1,641, au 1,776, au 1,835, au 1,915, na kwa wale wenye mifuko mirefu, zaidi ya 2,000.

Ndugu msomaji, huenda ukadhani kwamba haya ni mambo ya anasa ya watu wachache wapendao magari ya kale, na kwamba safu hii ingepaswa kushughulikia mambo mazito zaidi. Sivyo. Gari lililoongezewa nguvu halitembei katika uwanja wake peke yake. Linapita katika barabara ile ile ipitwayo na watoto wa skuli, wapanda baiskeli na magari ya ng'ombe. Kwa hiyo uamuzi unaofanywa juu ya meza ya fundi unawahusu pia watu ambao hawakuwapo gereji siku hiyo. Unawahusu vile vile maofisa waliokabidhiwa kazi ya kusajili na kukagua magari, nao ndio tutakaowageukia mwishoni.

Rai yetu tunaitaja mapema ili msomaji aipime huku akisoma. Ukubwa wa injini ya gari hili hauchaguliwi kwa kutazama nguvu inayoweza kuzalisha. Unachaguliwa kwa kutazama joto ambalo injini inaweza kulitoa, na breki ambazo gari linazo. Kwa kipimo hicho, mwenye Volkswagen katika visiwa vyetu atosheke na cc 1,584 iliyotengenezwa vizuri. Aliye tayari kugharimia kila kinachofuatana nayo anaweza kufika 1,776. Zaidi ya hapo hatuoni hoja.

Yafaa kwanza tukumbuke injini hii ilikotoka. Gari lilibuniwa na Ferdinand Porsche katika miaka ya 1930, na utengenezaji wake hasa ukaanza baada ya vita, mwaka 1945, katika mji wa Wolfsburg uliokuwa chini ya jeshi la Uingereza. Tangu hapo mpaka la mwisho lilipotoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003, yalitengenezwa magari 21,529,464. Katika muda wote huo umbo la injini halikubadilika: silinda nne zilizolala, mbili kila upande, hazina maji wala rejeta, zinapozwa kwa hewa inayosukumwa na feni iliyofungwa katika ncha ya dinamo na kuzungushwa na mkanda mmoja. Kilichobadilika ni ukubwa. Ilianza na cc 1,131 na nguvu za farasi 25. Mwaka 1954 ikawa 1,192 na nguvu 30, ambazo baadaye zilipandishwa hadi 34. Mwaka 1965 ikaja 1,285 yenye nguvu 40, mwaka uliofuata 1,493 yenye nguvu 44, na mwaka 1970 ikaja 1,584 yenye nguvu 50. Hapo kiwanda kikasimama. Kwa miaka 33 iliyofuata hakikutia katika gari hili injini kubwa kuliko hiyo, ingawa kilikuwa na wahandisi wengi na sababu nyingi za kibiashara za kufanya hivyo. Jambo hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu ajiulize.

Tarakimu zenyewe zinapatikana kwa hesabu nyepesi. Ukubwa wa injini ni ujazo ambao pistoni zinausafisha zinapopanda na kushuka: eneo la uso wa silinda, mara mwendo wa pistoni, mara idadi ya silinda. Katika injini ya 1,584 kipenyo cha silinda ni milimita 85.5 na mwendo wa pistoni ni milimita 69. Ukiweka silinda za milimita 87 na kuacha mwendo ule ule, unapata 1,641. Za milimita 90.5 zinakupa 1,776, za 92 zinakupa 1,835, na za 94 zinakupa 1,915. Kwa hiyo wanaopanua bila kubadilisha kranki wanabishania milimita nane na nusu tu, kutoka 85.5 hadi 94. Msomaji ataona jinsi jambo dogo la kupimia kwa kalipa linavyoweza kuwa na athari kubwa.

Njia inayovutia kuliko zote ni ile ya 87, kwa sababu silinda hizo huingia katika kesi na vichwa vya 1600 bila kuchongwa chochote. Fundi anazichomoa za zamani na kuzitia mpya. Kazi inakwisha siku hiyo. Lakini hebu tufikiri. Tundu la kesi halikupanuka. Silinda, kwa nje pale inapoingia katika kesi, ni ile ile. Basi ile nafasi ya ziada ya pistoni imepatikana wapi? Imepatikana kwa kuukwangua ukuta wa silinda kwa ndani. Ukuta wa chuma uliokonda hupata joto haraka na haushiki umbo lake la duara. Duara likipotea, ringi za pistoni hazizibi sawasawa, moshi unapenya kwenda chini katika kesi, na oili inaanza kuliwa. Silinda za milimita 88, ambazo nazo huingia bila kuchonga, zina sifa mbaya zaidi. Cha ajabu ni kwamba 90.5, ingawa ni kubwa zaidi, ina ukuta mnene, kwa kuwa kwa ajili yake kesi na vichwa huchongwa matundu mapana zaidi. Wale wa 92 hutumia matundu yale yale ya 90.5, maana yake ni kwamba wamerudia kosa la 87 katika daraja la juu. Ndiyo sababu mafundi wenye uzoefu mahali pengi, wakiulizwa, hutaja 1,776 na kuziruka 1,641 na 1,835.

Hapa inapasa tusimame kwa kitambo katika suala la joto, maana ndilo kiini cha yote.

Injini yenye maji ina akiba. Ikitiwa kazi nyingi kwa dakika chache, maji hulibeba joto na kulipeleka kwenye rejeta, na dereva ana geji ya kumwonya. Injini ya Volkswagen haina akiba hiyo. Ina hewa ya feni, ina mapezi ya silinda, na ina oili isiyozidi lita mbili na nusu, ambayo inapaka mafuta na inapoza kwa wakati mmoja. Haina hata chujio la kweli la oili, bali wavu tu wa kuzuia vipande vikubwa. Katika miundo ya kabla ya 1970, kipoza oili kilisimama ndani ya kava la feni, juu kabisa ya silinda nambari 3, kikiipunguzia silinda hiyo hewa na kuipa iliyokwisha kupata joto. Kiwanda kilijua. Katika distributa nyingi za magari haya moto wa silinda nambari 3 ulicheleweshwa kwa makusudi, nyuzi chache, ili kuipunguzia mzigo. Pamoja na hayo, valvu ya ekzosi ya silinda nambari 3 ndiyo iliyopata umaarufu kwa kukatika kichwa na kuangukia juu ya pistoni. Mafundi wetu wa zamani wanalijua jambo hili bila kusimuliwa.

Sasa tazama kiwanda kilifanya nini kilipofikisha nguvu 50. Mwaka ule ule wa 1970 kilikiondoa kipoza oili juu ya silinda nambari 3, kikakijengea kibanda chake chenye njia yake ya hewa nyuma ya kava, na feni yenyewe ikapanuliwa. Nguvu ziliongezeka kwa sita tu kutoka zile 44. Wahandisi waliokuwa na maabara waliona nguvu sita zinastahili mabadiliko hayo yote. Sisi je, tunaotaka kuongeza thelathini au hamsini, tunabadilisha nini? Aghalabu hatubadilishi kitu. Kava ni lile lile, feni ile ile, na mara nyingine hata yale mabati ya chini ya silinda yametupwa kwa kuwa bolti zake zilikatika.

Tuwe waadilifu hata hivyo, kwani hoja ya upande wa pili ina ukweli. Joto halitokani na cc zenyewe. Linatokana na petroli inayochomwa. Injini ya 1,776 ikiliendesha gari kwa kilomita 70 kwa saa katika barabara tambarare, inachoma takriban kiasi kile kile ambacho 1,584 ingechoma kwa kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo dereva mpole aliyepanua injini yake, na akaendelea kuendesha kama zamani, hatadhurika. Lakini ni nani aliyetoa fedha zake kununua nguvu ili asizitumie? Atazitumia. Na siku atakapozitumia, juani saa nane mchana, akiwa na abiria wanne na mizigo juu ya paa, feni haitajua kwamba injini imepanuliwa.

Basi anayetaka kupanua, na hata asiyetaka, aanze na mambo ambayo hayaonekani kwa majirani. Mabati yote yanayozunguka injini yawepo, ya juu na ya chini. Ule mpira unaoziba ukingo wa chumba cha injini uwe mzima, maana kazi yake ni kuzuia hewa moto iliyo chini isirudi juu na kuvutwa tena na feni. Ukiwa umeoza, injini inapumua pumzi zake yenyewe. Vilango vya themostati ndani ya kava visitolewe ovyo kwa madai kwamba ni vya nchi za baridi, kwani vikiwa wazi ndivyo vinavyoielekeza hewa kwenye silinda. Mapezi yasafishwe, hasa chini ya kipoza oili, ambako vumbi na oili hugeuka kuwa udongo mgumu. Kipoza oili cha mtindo wa 1970 kifungwe. Chujio la kweli litiwe katika njia ya oili, na kitanki cha nyongeza chini ya injini kikiwezekana, ingawa hicho kinashuka karibu na ardhi na njia zetu za mashamba zina mawe. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 bila kuchelewa. Mwenye gari atakayeyafanya haya yote juu ya injini ya 1,584 atashangaa kuona kwamba gari alilodhani limechoka halikuwa likihitaji silinda kubwa.

Liko jambo jingine ambalo hupitwa na wengi, nalo ni kompresheni. Kiwanda kiliiwekea 1,584 kiwango cha 7.5 kwa 1. Kila silinda inasafisha cc 396, nazo hukandamizwa katika nafasi ya cc 61 hivi. Ukitia pistoni za 90.5 na kuviacha vichwa kama vilivyokuwa, kila silinda sasa inasafisha cc 444, lakini ile nafasi ya kukandamizia haikuongezeka kwa kadiri hiyo. Kwa hesabu ya haraka kiwango kinapanda na kupita 8 bila fundi kugusa chochote, na kwa 1,915 kinakaribia 9. Injini inayopozwa kwa hewa, katika nchi ya joto, ikipewa petroli ya kawaida na kompresheni ya 9, itaanza kugonga. Katika gari hili kugonga hakusikiki vizuri, kwa kuwa kelele za feni na ekzosi zinafunika. Dereva atasikia siku pistoni itakapotoboka. Dawa ipo: kuongeza nafasi katika vichwa kwa kuchonga, au kuweka pete za kuinua silinda. Kazi hiyo lazima ipimwe kwa sindano na mafuta, cc kwa cc. Fundi asiyeipima hajamaliza kazi.

Kuhusu kabureta hatutasema mengi. Injini iliyopanuliwa ikiachiwa kabureta moja ya asili, iliyo mbali na vichwa mwisho wa bomba refu, itavuta vizuri kwa mwendo wa chini na kukosa pumzi kwa mwendo wa juu. Kwa maoni yetu hiyo si kasoro hata kidogo. Anayetaka zaidi hufunga kabureta mbili, na hapo anajipatia kazi ya kuzisawazisha mara kwa mara. Kranki ya kiwandani nayo haina vipande vya uzito wa kuisawazisha. Ikizungushwa sana kupita mizunguko 4,500 kwa dakika inapinda na kuigonga kesi. Anayepanua silinda ili akimbize injini, na asinunue kranki iliyosawazishwa, anaila kesi yake polepole. Na kesi hiyo, tusisahau, imetengenezwa kwa mchanganyiko wa magnesi, madini ambayo adui yake mkubwa ni chumvi. Sisi tunaishi katikati ya bahari.

Sasa tuje kwenye breki. Agosti 1966, kiwanda kilipoitoa Volkswagen ya cc 1,493, nguvu ziliongezeka kutoka 40 hadi 44. Nguvu nne. Kwa nguvu hizo nne magari ya soko la Ulaya yalifungwa breki za diski mbele badala ya ngoma, upana baina ya magurudumu ya nyuma ukaongezwa, na springi ya kusawazisha ikatiwa nyuma. Sababu yake si vigumu kuielewa. Katika magari ya miaka hiyo ekseli za nyuma huning'inia kutoka giaboksi kama mbawa mbili. Dereva akiingia kona kwa kasi kisha akaondoa ghafla mguu kwenye petroli, mgongo wa gari huinuka, gurudumu la nje hujikunja chini ya bodi, na gari linaweza kuzunguka au kupinduka. Injini nzito iliyo nyuma ya ekseli haisaidii. Aliyelifahamu gari hilo akiwa na nguvu 34 huingia kona kwa kasi fulani aliyoizoea. Ukimpa nguvu 80 atafika kwenye kona ile ile akiwa na kasi nyingine, na ngoma zile zile za 1960 ndizo zitakazomsimamisha.

Kwa hiyo tunasema, na hatudhani tunatia chumvi: asiye na fedha za breki za diski hana fedha za 1,776. Hesabu ya gharama ianze kwenye magurudumu ya mbele. Bei ya silinda za 90.5 na za 94 hazipishani sana, na hapo ndipo wengi wanapotekwa. Wanaona kwamba nyongeza kidogo tu inawapa injini kubwa zaidi. Kumbe silinda ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Kuchonga kesi na vichwa kunahitaji mashine sahihi na mtu anayeijua. Magari ya kale yenye umeme wa volti 6 yana flaiwili na klachi ndogo ya milimita 180. Kutia klachi ya milimita 200 inayohimili nguvu kubwa kunalazimu nyumba ya giaboksi ikwanguliwe kwa ndani ili flaiwili kubwa izunguke. Uwiano wa mwisho wa giaboksi ya 1200 na 1300 ni 4.375, ambao ni mfupi. Injini kubwa itapiga kelele kwa mizunguko mingi pasipo sababu, wakati giaboksi ya 1500 na 1600 yenye 4.125 ingeituliza. Juu ya hayo yote kuna sakafu ya gari. Chini ya kiti cha nyuma, mahali pa betri, bati huoza kabla ya mahali pengine, na mifereji ya pembeni inayoshikilia bodi nayo huoza kwa ndani bila kuonekana. Kuongeza nguvu katika gari lililooza ni kulivunja.

Na nguvu hizo zitatumika wapi? Kutoka Mjini hadi Makunduchi, au hadi Nungwi, safari haifiki kilomita 80. Unguja ni tambarare. Pemba ina vilima na kona nyingi, na hapo kinachohitajika ni mvuto wa chini, si kasi ya juu. Injini ya 1,584 yenye vichwa vya matundu mawili ya kuingizia hewa hutoa mvuto wake mkubwa chini ya mizunguko 3,000, yaani pale pale ambapo kilima cha Pemba kinauhitaji. Mtu wa Ujerumani anayeingia katika barabara kuu isiyo na kikomo cha mwendo ana hoja ya 1,915. Hoja hiyo haikupanda meli ikaja huku.

Wako watakaotukumbusha mashindano. Ni kweli kwamba Volkswagen ilipata sifa kubwa katika Safari ya Afrika Mashariki, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa maelfu ya kilomita za vumbi na matope. Ilishinda mwaka 1954, ikashinda 1957, na ikashinda tena 1962. Lakini zote zilizoshinda miaka hiyo zilikuwa na injini isiyozidi cc 1,200. Magari makubwa na yenye nguvu zaidi yaliyoshindana nayo yalikwama, yaliharibika, au yalichelewa. Anayeitumia Safari kama hoja ya kupanua injini anaisoma historia kichwa chini.

Hofu moja tunaweza kuiondoa. Baada ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara kuacha petroli yenye risasi, kufikia mwanzo wa 2006, baadhi ya wenye magari ya kale waliambiwa kwamba valvu zao zitaharibika. Kwa magari mengi ya Kiingereza yenye vichwa vya chuma cha kalibu, ambamo viti vya valvu vimechongwa katika chuma chenyewe, onyo hilo lilikuwa sahihi. Vichwa vya Volkswagen ni vya alumini na vilitiwa viti vya chuma kigumu tangu kiwandani. Asitokee mtu akauziwa vichwa vipya kwa sababu hiyo.

Tunabakiwa na neno kwa maofisa. Nambari ya injini ya Volkswagen imegongwa katika kesi, chini ya kiti cha dinamo, na herufi zinazoitangulia zinasema injini ilizaliwa na ukubwa gani. D ni ya 1200 yenye nguvu 34. F ni ya 1300. H ni ya 1500. AD ni ya 1600 ya tangu 1970. Silinda zikibadilishwa katika kesi ile ile, nambari inabaki vile vile. Gari la 1,776 litaonekana katika karatasi kuwa 1600, na ofisa anayelinganisha nambari na kadi ataridhika, ilhali kadi haisemi kweli. Bima nayo imekatwa kwa gari ambalo halipo tena. Itokeapo ajali, atakayeumia zaidi ni yule aliyegongwa, akisubiri fidia huku kampuni ikiuliza ukubwa wa injini. Kwa hiyo mwenye gari aliyepanua aende kubadilishiwa kadi na kulitaarifu shirika lake la bima kabla ya kuingia barabarani. Ofisa naye asimfanye aonekane mhalifu kwa kusema kweli. Amuulize maswali mawili: risiti ya aliyechonga kesi, na breki za mbele ni za aina gani. Kisha gari lipelekwe mahali pa wazi, liendeshwe kilomita 60 kwa saa, na breki zipigwe mara tano mfululizo. Ngoma zilizopatwa na joto zitajitambulisha zenyewe kabla ya mara ya tano.